Meza Iliyokuwa Mutumbwi Wangu

Meza ya kwanza niliyoona mu maisha yangu, niliiona ikiwa bado mutumbwi. Tena mutumbwi wangu mimi. Ngoja niseme vizuri, maana wajukuu wangu wananichekaka, wanasema, "Bibi anaanza hadithi ku mukia, samaki inamuponyoka." Haya, nianze ku kichwa.

Sisi ni watu wa maji, Wagenya. Hapa Kindu, siku ninazosema, haikukuwa muji vile munaiona. Kulikuwa nyumba zetu chini karibu na muto, nyavu zimeanikwa mbele ya mulango, harufu ya samaki mupaka mu nywele. Juu kidogo, pale udongo unakuwa mwekundu, kulikuwa boma ya waungwana, wale watu wa kanzu na bunduki waliotokea upande wa Nyangwe. Walipanda mupunga, wakajenga nyumba za udongo zenye baraza. Mukubwa wao alikuwa muntu wa sauti ndogo. Sikumusikia hata siku moja anapiga kelele, na watu walimuogopa kwa sababu ile ile.

Baba yangu alikuwa anachonga mitumbwi. Kazi ile tu. Kutega samaki hakujua, kulima hakujua, na kupika, yeye aliweza kuunguza hata maji. Lakini umupe muti na tezo yake, ile shoka ndogo ya kuchongea, ungependa kukaa kumutazama. Alichonga huku anaimba, na aliimba vibaya. Tulikaa yeye na mimi, maana mama alikufa sijaota bado meno ya pili. Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mudogo, ndugu ya mama, na bwana yake na watoto. Yeye njo alinifundisha mambo ya kike: kupasua samaki, kuikausha juu ya moshi, na kusema uongo mudogo wa soko.

Soko ilikuwa ku ukingo wa muto. Wanawake wa maji tulileta samaki, wanawake wa inchi kavu walileta muhogo, ndizi, vyungu, mawese, tukabadilishana. Sasa musikilize, maana hapa njo kuna mambo yote. Mwanamuke wa maji mwenye mutumbwi wake anakwenda soko anayotaka, ya juu ya muto ao ya chini. Anafika wa kwanza, anachagua ndizi nene. Asiye na mutumbwi anapanda wa muntu. Anapiga kafi nyuma, anashuka wa mwisho, anachukua kilichobaki. Na siku mutumbwi ukijaa, anabaki ku ukingo na samaki zake, anawapungia wenzake mukono. Mimi nilikuwa huyo wa kupunga mukono. Mama mudogo alinipenda, lakini alikuwa na binti zake wa kubeba, na mutumbwi hauna huruma, ukijaa umejaa.

Baba aliona. Mwaka nilianza kufunga nguo kama mwanamuke, akaniambia, "Kesho ujaze kibuyu maji ya muto, tunakwenda mu pori."

Kwetu, muti wa mutumbwi haukatwi kimya. Mwenye mutumbwi lazima akuwe pale. Baba aliupiga muti na mugongo wa shoka, akaweka sikio, akapiga tena, akasema, "Hauna tundu. Umejaa mupaka juu." Kiisha akaniambia niweke maji mu kinywa, niteme ku mizizi, niweke mukono, niseme jina langu. Muti unaambiwa jina ya muntu utakayemubeba. Ukishaambiwa, basi, haupewi jina ya pili. Nikasema yangu polepole, kwa haya.

Baba akasema, "Muti hausikii minong'ono."

Nikasema tena kwa nguvu, ndege wakaruka. Baba akacheka mupaka akakaa chini.

Alichonga ule muti siku nyingi. Mimi nilimupelekea chakula, nikikaa pale mupaka jua inapoa. Mutumbwi unachongwa inje kwanza: kichwa, mukia, tumbo ya chini. Ndani unabaki umejaa, kama ndizi haijamenywa. Kutoboa ndani njo kazi ya mwisho. Baba aliniuliza, "Kichwa unataka chembamba ao kipana?" Hakuna muntu alikuwa ameniuliza kitu kama kile. Nikasema chembamba, ukate maji vizuri. Akakifanya chembamba. Pale ku soko niliwaambia wasichana wote, "Mwezi unaokuja nitafika mbele yenu. Ndizi nene mutaziona mu kitunga yangu." Walinichukia vizuri kabisa. Nilifurahi sana.

Kumbe mu siku zile mukubwa wa boma alirudi safari. Kule alikopita aliona muzungu mumoja anakula inje, chakula iko juu ya mbao yenye miguu, yeye amekaa nyuma yake kama sultani. Ile ikamuingia mukubwa mu kichwa, haikutoka. Yeye alikuwa anakula na wanaume wengi mbele ya baraza yake. Kila mwenye nyumba alikuja na chakula kutoka kwake, wanaweka pamoja, wanakula pamoja, ku mikeka. Kula pale haikuwa kula tu. Muntu aliyekula na mukubwa, watu wa bunduki walipita mbali na mulango wake. Sasa mukubwa alitaka meza, ndefu, ya kukaliwa na wote. Akauliza nani anajua miti. Wakamwambia jina ya baba.

Mimi ile yote sikuijua. Nilijua siku nilibeba ndizi za kuchoma na samaki, nikakwenda mu pori kama kawaida. Nikiwa mbali, nikasikia mulio usio wa siku zote. Tezo ya baba ilikuwa inasema ko, ko, ko, kama kuku anadonoa. Huu ulikuwa muzito. Unapiga, unangoja, unapiga.

Nikafika. Kichwa cha mutumbwi kilikuwa kimekatwa, kimelala mu majani. Mukia pia. Na ule mwili wa katikati, baba na watu wawili wa boma walikuwa wanaupigia kabari, vile vipande vya muti mugumu vya kupasulia, na muti ulikuwa unafunguka kwa urefu, unalia kidogo kidogo.

Nikasema, "Baba, kichwa kiko wapi?" Nilikuwa nakiona. Lakini njo neno lililotoka.

"Weka chakula," baba akasema. Hakunitazama.

"Kichwa cha mutumbwi wangu, baba."

Mumoja wa wale watu akacheka. "Mutumbwi gani, wewe mutoto? Hii ni meza."

"Meza ni nini?"

"Kitu cha kukulia."

"Sasa ninyi munakuliaka wapi?"

"Tunakulia chini, kama kuku. Tutaacha."

Baba akashika kabari ingine, akaiweka mu ufa, akaipiga. Mikono yake haikutetemeka. Nilitaka itetemeke. Akasema, "Nitakuchongea mwingine. Miti imejaa mu pori."

Ule mwingine naungoja mupaka leo, na sasa mimi sina hata meno.

Mama mudogo aliposikia, alikuja na kisu ya samaki mu mukono, hakukumbuka kuiweka chini. Alisimama mbele ya baba, yeye mufupi, baba murefu.

"Shemeji," akasema, "nimesikia uongo ku soko. Wanasema umepasua mutumbwi ya mutoto ya dada yangu. Nikawaambia, shemeji yangu si mulevi."

"Ni ya mukubwa sasa," baba akasema.

"Muti uliambiwa jina."

"Najua."

"Jina ya mukubwa?"

Baba akafuta tezo yake na majani. Kiisha akasema polepole, "Wewe unajua vile inchi iko. Muntu anayekula pale, nyumba yake haiguswi. Nimefanya kwa ajili ya mutoto."

Mama mudogo akamutazama, akamutazama. "Sisi ni watu wa maji, shemeji. Bunduki ikija, sisi tunaingia mu mutumbwi, tunakwenda katikati ya muto, tunaitukana kutoka kule. Tangu mababu. Sasa niambie, meza inakimbia?"

Baba akarudi ku mbao zake. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni. Kama alifanya kwa ajili yangu, mbona hakuniambia mimi? Muti aliniambia niusemeshe kwa nguvu. Mimi hakunisemesha hata kwa minong'ono.

Ile meza, wapendwa, mimi njo niliilainisha. Ndiyo, cheka tu. Baba aliniambia, "Lete majani ya musasa," na mutoto wa siku zile akiambiwa lete, analeta. Musasa ni yale majani makali kama ulimi wa paka. Nilisugua mbao zile siku tatu, vidole vikachubuka. Nilijua kila alama. Kulikuwa pale ambapo ningekaa. Kulikuwa pale ambapo ningeweka kitunga. Nilisugua.

Sasa niwaambie ya kuchekesha, maana ilikuwepo. Baba hakuwahi kuona meza. Alisikia tu: mbao, miguu, wanakula juu. Kupima miguu, alipima vile anavyopenda muti ukae akichonga, sawa na tumbo yake. Siku ya kuipeleka, wanaume kumi waliibeba mupaka ku boma, wakaiweka mbele ya baraza. Watu wa mukubwa wakatandika mikeka kuizunguka, kama siku zote. Wanaume wakakaa. Wote wakapotea. Ulikuwa unaona kofia tu, kofia, kofia, na mikono inapanda kutafuta wali kama vipofu.

Muzee mumoja wa boma akasema kutoka chini, "Fundi, meza ni nzuri. Tutakula lini?"

Wakajaribu kusimama. Mukubwa akasema na ile sauti yake ndogo, "Unataka tukule kama mbuzi?" Lakini alikuwa anacheka. Wote wakacheka. Baba akachukua musumeno, akakata miguu ya meza mupaka urefu wa goti, pale pale, chakula kingali juu. Basi wakakaa ku mikeka, meza ikawafikia mu kifua, wakala. Mukubwa akamwambia baba, "Kaa hapa, fundi." Hapa, karibu na yeye, wa tatu kutoka mukono wake wa kuume. Kwetu hakuna muntu alimwita baba fundi. Walimwita kwa jina. Niliona vile neno lile lilivyomuingia. Shingo yake ikawa ndefu.

Kuanzia siku ile alikula kule kila adhuhuri. Na chakula cha nyumba yake nani alikipika? Mimi. Nilipika samaki na mawese, nikaibeba juu, nikaiweka ku meza, nikarudi nyuma. Wanawake hatukukaa pale. Wakasema, "Samaki ya fundi ni tamu." Ya fundi, unasikia. Yeye wa kuunguza maji.

Sasa iko jambo moja la muti, na hili lazima mulielewe. Muti wa mutumbwi unachongwa mubichi, kwa sababu unakwenda mu maji. Maji njo inautunza. Mutumbwi ukiachwa ku jua ya kiangazi, unapasuka, ndiyo maana watu wa maji wakisafiri wanauzamisha mutumbwi wao mu muto, wanaweka mawe ndani, ulale chini mupaka warudi. Mafundi wa meza, wale wa kweli, wanakausha mbao kwanza mwezi na miezi. Baba hakuwa fundi wa meza. Alitengeneza meza mubichi, kama mutumbwi, kiisha akaiweka ku jua. Akaona mwenyewe siku ya pili, pale ilianza kulia. Kwa hiyo akafanya vile muntu wa maji angefanya. Akaniita.

"Kila asubuhi na kila jua ikisimama, umwage maji juu ya meza, mbao yote, na chini yake. Wakishakula, uifunike na majani ya ndizi yenye maji. Miezi mitatu. Ikauke polepole. Ukiacha, itafunguka."

"Mimi?"

"Nani mwingine najua hatasahau?"

Alisema vile kwa kunisifu. Mimi nilibeba chungu ya maji kutoka muto mupaka boma, mara mbili kwa siku, mwezi mumoja na zaidi. Wale wasichana wa soko walinikuta ku njia, wakapita na kafi zao begani. "We mwenye kichwa chembamba," wakaniambia, "unapeleka mutumbwi wako kunywa maji?" Walisema kweli. Nilikuwa nalisha maji mutumbwi uliokuwa ku mulima.

Lakini nilimwaga. Nataka mujue. Nilimwaga vizuri, hata chini.

Kilichonifanya niache si kazi. Siku moja nilifika na maji wakati wanamaliza kula, nikasimama nyuma ningoje wanyanyuke. Mukubwa alikuwa na wageni wawili. Mugeni mumoja akapitisha mukono ku mbao, akauliza, "Muti kama huu munapata wapi?"

Mukubwa akasema, "Muulize fundi."

Baba akapangusa mudomo. Akasema, "Ulikuwa muti wa binti yangu, wa mutumbwi. Lakini aliposikia bwana anataka meza, ni yeye mwenyewe alikuja kuniambia. Akasema, Baba, mupe bwana. Mimi nitafanya nini na mutumbwi?"

Wakasema, "Mutoto muzuri." Mukubwa akageuka, akaniona na chungu yangu ku kichwa. Akamutuma muntu ndani, akaniletea ushanga, kamba moja, wa buluu. Akasema, "Huu wa moyo wako."

Baba alinitazama. Sasa alinitazama. Macho yake yaliniambia, chukua. Nikashusha chungu, nikapiga magoti, nikachukua ushanga, nikasema, "Asante, bwana."

Munaelewa? Muti aliuchukua, sawa, alikuwa baba, alikuwa na shoka. Lakini kinywa changu kilikuwa changu. Akaingia mule pia, akatoa maneno sikuyasema, na mbele ya watu mimi nikayamezea asante. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakohoa, kama muntu amemeza mufupa.

Kesho yake nikabeba chungu yangu kama kawaida. Nikapita ku meza. Nyuma ya baraza kulikuwa shina ya ndizi. Nikaimwagia ndizi maji, nikabakiza kidogo tu. Kiisha nikachovya mukono mu chungu, nikapangusa meza juu juu, ingae kidogo. Majani ya kufunika nikaweka makavu. Jua ikisimama, nikafanya vile vile. Muntu akinitazama aliona mutoto na chungu, anakwenda, anarudi.

Nilifanya siku sita. Ilikuwa kiangazi kikali, muto ulikuwa umeshuka mupaka mawe yalitoa migongo. Ile ndizi, nawaambia, ilinenepa.

Siku ya sita ilikuwa ya karamu. Mukubwa alialika wakubwa wenzake, meza ikajaa, wali, kuku, mbuzi, samaki yangu. Sisi wanawake tulisimama kando na masahani. Wanaume walinyoosha mikono. Na hapo njo meza ilifunguka. Ilipiga mulio mumoja mukavu, mupaka wanaume wanne waliruka wakakamata bunduki zao, wakatazama mu miti. Mumoja alilala chini kabisa, na alikuwa mukubwa wa askari. Hakuna adui. Ufa ulikuwa umekimbia kutoka huku mupaka kule, katikati, na ulikuwa bado unafunguka polepole, na muchuzi wa mawese ulikuwa unateremukia mule, unaingia mu kanzu nyeupe ya mukubwa.

Yule muzee wa boma aliyeuliza watakula lini akasema, "Imefungua mudomo. Na yenyewe inataka kula."

Hakuna aliyecheka, maana mukubwa alikuwa hajacheka. Alitazama kanzu yake. Watu wetu wa chini waliokuwepo wakaanza kunong'onezana. Nilisikia mumoja anasema, "Muti uliambiwa jina ya muntu mwingine." Mwingine akasema, "Umekataa." Ningeweza kuacha muti ubebe kosa, kama ulivyokuwa unibebe mimi.

Mukubwa akauliza, ile sauti ndogo, "Fundi, hii ni nini?"

Baba alikuwa ameshapiga magoti ku ufa. Akaweka kidole ndani, akakitoa, akakisugua na kile kingine. Kulikuwa vumbi kavu. Akachukua jani moja la ndizi la kufunikia meza, lililoanguka pembeni, akalikunja, likavunjika. Hapo njo nilijua amejua. Aliinua kichwa, akanitafuta katikati ya wanawake, akanipata.

Mukubwa akafuata macho yake. "Binti," akaniambia, "wewe ulikuwa unamwaga maji?"

Watoto wa wengine, kwa kosa ndogo kuliko ile, waliingia mule boma kufanya kazi, hawakurudi kwa mama zao. Nilimutazama baba. Neno moja tu lilimutosha: hakumwaga. Lilikuwa neno la kweli, tena lingemuacha abaki fundi.

Baba akasimama. "Uniulize mimi, bwana. Huyu alileta maji kila siku, watu wako wamemuona." Ni kweli walikuwa wameniona. "Kosa ni la muti."

"Wewe uliniambia muti ni muzima."

"Ni muzima. Lakini uliambiwa jina yake. Kwetu muti ukishaambiwa jina, ni wa muntu ule."

"Na yeye alinipa," mukubwa akasema. "Wewe ulisema hapa."

Baba akaweka lile jani kavu juu ya mbao. "Hakukupa," akasema. "Hakuulizwa. Nilimunyang'anya, kiisha nikasema amekupa."

Nilikuwa nimeota neno lile. Ku njia ya muto na chungu ku kichwa nilikuwa nalisema mwenyewe, kwa sauti ya baba. Sasa lilikuja, mbele ya watu wote, na halikuwa na utamu wowote. Niliona tu shingo yake inaingia mu mabega.

Mukubwa akakung'uta wali ku kanzu. Hakukasirika kama tulivyoogopa. Akasema, "Muntu anayemuibia binti yake, kesho ataniibia mimi. Kuanzia leo ukule kwako, fundi." Kiisha akawaambia watu watandike mikeka kando, chini, wahamishe chakula. Walihamia wote. Baba alibaki amesimama karibu na meza peke yake, na hakuna aliyemwita tena kwa neno lile la fundi. Ile mbao baadaye niliambiwa waliifanya mulango ya gala ya mupunga. Sikukwenda kuiona.

Tulishuka. Yeye mbele, mimi nyuma na chungu tupu. Hakugeuka njia yote. Karibu na nyumba yetu, akauliza bila kusimama, "Siku ngapi?"

Nilijua anauliza nini. "Sita."

Akatembea kidogo. "Sita," akasema. "Na jua ile." Akatembea tena. "Muti mwingine ungefunguka siku ya pili."

Alisema vile taratibu, kama fundi anaongea na fundi mwenzake. Nilitaka anipige. Kupigwa ningekuelewa. Lakini aliniambia tu muti wangu ulikuwa muzuri namna gani, na akaingia ndani kutafuta moto.

Nikapika. Tukakula wawili, ku mukeka, samaki moja, jua ingali juu. Hakuniomba samahani. Mimi pia sikumuomba. Akakata ile samaki kati, akanisukumia upande wa tumbo, ule wenye mafuta. Niliila. Asante sikusema.